Tangazo la Kifo cha Bibi Serafina, Aliyekuwa Jikoni Anakaanga Mbilingani

Saa nane na robo mchana, tarehe kumi na tatu Agosti, nilimuua bibi yangu mzaa baba.

Nilitumia unga wa ngano, maji, brashi na karatasi moja.

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa hai kabisa, nyumba tatu kutoka niliposimama, anakaanga mbilingani na kumtukana paka!

Msinihukumu kwanza...

Hapana, nihukumuni tu. Nimekuja hapa kuhukumiwa. Ila mnisikilize mpaka mwisho, maana hili jambo nikiendelea kukaa nalo peke yangu litanitoboa tumbo.

Naitwa Mimmo, miaka ishirini na mbili. Kwetu ni Petrascura, Calabria, kule chini Italia inakoishia kama kidole cha mguu. Mji wenyewe uko juu kilimani, mawe juu ya mawe, nyumba zimeshikana utadhani zinaogopa kuanguka. Chini kabisa, baharini, ndiko Marina: hoteli, miamvuli, aiskrimu, na watu wa kaskazini waliojipaka mafuta kama kuku wa kuoka.

Kati ya juu na chini kuna ngazi mia tano na kumi na mbili. Zishikeni hizo ngazi, zitanitoa jasho.

Kazi yangu ilikuwa kupanga miamvuli ya hoteli ufukweni. Chini ya mwamvuli namba kumi na saba alikaa msichana wa Torino, Ilaria.

Jamani, Ilaria...

Ilaria alikuwa ananiita Massimo. Siku ya kwanza sikumsahihisha. Siku ya pili nikaona nimechelewa. Angeniita hata Teresa ningeitika!

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu akanishika mkono, akaniambia:

"Massimo, kesho tunakodi boti tunaenda kwenye mapango. Njoo na wewe."

"Nitakuja!"

"Si una kazi?"

"Kazi ipi?"

Msala ukaanzia hapo. Kesho yake ilikuwa tarehe kumi na nne, mkesha wa sikukuu ya Agosti. Kwetu wiki hiyo haombi mtu ruhusa. Meneja wetu, mama mmoja anaitwa Loredana, anatoa ruhusa kwa sababu moja tu: msiba wa nyumbani. Na lazima umpelekee picha ya tangazo, kwa sababu mwaka juzi mhudumu mmoja alimzika mjomba wake yule yule mara mbili ndani ya msimu mmoja.

Ngoja niwaeleze hilo tangazo, maana bila hilo hamtaelewa nilifanya uchafu gani.

Petrascura mtu hafi mpaka abandikwe ukutani. Daktari anaweza kusema lake, padri akasema lake, watu watasubiri karatasi. Karatasi yenye fremu nyeusi, msalaba juu, jina, umri, saa ya maziko, na chini orodha ya wafiwa. Ikishabandikwa, imekwisha. Hakuna anayeuliza swali. Wanawake wanafunga madirisha, wanatafuta nguo nyeusi.

Nikawaza nimuue nani.

Baba na mama wako Ujerumani, kiwandani. Kumuua mzazi aliye mbali niliona ni mkosi. Babu alikwishajifia mwenyewe zamani. Akabaki bibi Serafina, miaka themanini na moja, aliyenilea tangu nina meno manne.

Mchana, wageni walipokwenda kulala, nikakaa kwenye kompyuta ya mapokezi nikaandika. Jina. Umri. Maziko tarehe kumi na nne, saa kumi na moja jioni. Wafiwa: mwanawe, mkwewe, mjukuu wake Mimmo...

Nikaitazama. Orodha fupi! Marehemu anaonekana kama mtu asiye na watu. Loredana angeshtuka.

Nikaongeza mstari mmoja: *na mdogo wake mpendwa Teodora.*

Ikapendeza. Nikachapa.

Kuhusu huyo Teodora: ni mdogo wake bibi, tumbo moja. Anaishi Marina, mlango wa bluu karibu na hoteli. Yeye na bibi walikuwa hawajasemeshana miaka thelathini na moja. Mimi mwenyewe sikuwahi kubadilishana naye neno. Nikipita na miamvuli begani ananitazama mpaka napotea, basi.

Nikapanda na skuta. Mji umelala, madirisha yamefungwa, jua linachoma. Nikabandika nyuma ya kinu cha zamani cha mafuta, nikapiga picha, nikaibandua kabla unga haujakauka. Dakika mbili! Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Halafu nikaenda nyumbani, nikala mbilingani za marehemu.

"Kula hiki kipande kikubwa," bibi akaniambia. "Umekonda. Kazi ya kule chini itakuua."

Nikapaliwa. Akanipiga mgongoni kwa kiganja kile kile kilichonilea.

"Pole pole, mjukuu wangu. Chakula hakikimbii."

Jioni nikamtumia Loredana picha. Nikajua atajibu "sawa."

Akapiga simu. Analia!

"Mimmo, mwanangu... Kaa nyumbani siku tatu. Muziki wa bwawani nimeuzima kwa saa nzima. Serafina aliwahi kumfundisha mama yangu kushona, unajua?"

Sikujua.

"Asante," nikasema.

Ningeweza kuyamaliza pale pale. Neno moja tu. Nikakata simu, nikatafuta miwani ya jua.

Kesho yake saa sita na nusu niko kwenye boti. Kaptula ya kuogelea, kifua wazi, mafuta ya nazi mwili mzima. Ilaria anacheka kila nikifungua mdomo. Nikasema haya ndiyo maisha!

Simu ikatikisika. Ujumbe wa sauti, Loredana:

"Mimmo, nimepita kwa bibi mdogo wako Teodora. Nimemkuta mlangoni anamenya maharage na aproni ya maua! Kumbe hakuna aliyemwambia! Nikasema asije akayasikia njiani, nikamwambia mimi. Nikamwonyesha na tangazo. Mimmo, aliposoma alikaa chini. Nimemwita dereva ampandishe, amekataa. Amevua viatu. Anapanda ngazi."

Mafuta ya nazi yakaganda mwilini.

Ninyi hamwezi kujua maana ya kuvua viatu. Kwetu, kama ulikuwa na ugomvi na marehemu, hupandi na gari. Unaacha viatu kwenye ngazi ya kwanza, unafungua nywele, unapanda ngazi zote pekupeku kutoka baharini, ufike kabla jeneza halijafungwa, umwombe msamaha sikioni.

Miaka sabini na saba. Agosti. Mawe ambayo ukipasulia yai linaiva.

Anakimbilia jeneza ambalo halipo!

"Geuza boti!" nikapiga kelele.

"Massimo, una nini?"

"Bibi yangu amekufa!"

"Ooh! Pole! Lini?"

"Jana! Hapana... hajafa! Ndiyo tatizo!"

Ilaria akavua miwani, akanitazama.

"Hajafa... na ndiyo tatizo?"

Boti ikagota mchangani, nikaruka kabla haijasimama, nikaanguka majini mzima mzima, nikatoka mbio.

Ngazi ya kwanza nikakuta viatu vyake. Vidogo, vyeusi, vimepangwa sambamba kama mlangoni mwa kanisa.

Nikapanda mbili mbili.

Nikamkuta kwenye kituo cha tatu cha kupumzikia, ngazi ya mia mbili hivi. Kashika ukuta. Nywele nyeupe zimemwagika mgongoni. Kavaa gauni zito la sufu, la baridi, kwa sababu jeusi alilokuwa nalo ni hilo moja.

"Bibi mdogo!"

Akageuka. Uso mwekundu, midomo imekauka.

"Mimmo..."

Kumbe jina langu analijua.

"Mbona umelowa?" akaniuliza.

"Nime... nimelia."

"Mwili mzima?"

"Nimelia sana, bibi."

Akaniamini! Akanipapasa shavu lililojaa maji ya bahari, akasema "masikini." Wadau, siku ile nilipewa nafasi nyingi za kujiona takataka, na hiyo ilikuwa ya kwanza tu.

"Pumzika kidogo, bibi. Jua kali."

"Wanafunga saa ngapi?"

"Wanafunga nini?"

"Jeneza, mtoto wewe! Karatasi imesema saa kumi na moja."

"Bibi mdogo, kuna kitu inabidi nikwambie..."

"Utaniambia juu. Nipe mkono."

Nikampa mkono. Tukapanda. Kila akikanyaga jiwe anavuta pumzi kwa meno.

"Bibi yako alikwambia kwa nini hatusalimiani?"

"Mizeituni. Anasema uliwauzia watu wa hoteli mizeituni ya baba yenu. Anasema watalii wanaogelea palipokuwa na kivuli chake."

"Hiyo ni nusu." Akasimama, akahema. "Kwa mizeituni tuligombana, tukaitana majina, tungepatana Krismasi. Ni mama, Mimmo. Mama alipokufa, Serafina ndiye aliyepeleka majina kwa mchapaji. Mimi nikapanda kutoka Marina, nikafika ukuta wa kanisa, nikasoma. Mwanawe Serafina. Wajukuu. Majirani. Hata daktari kashukuriwa. Mimi simo."

Akapandisha mguu ngazi nyingine.

"Nikasoma tena. Nikazunguka mji mzima nikisoma kila karatasi, nikidhani labda ile moja imekosewa. Watu wananipisha njia, wananipa pole kwa sauti ndogo, kama mpita njia aliyejikwaa. Kwenye msiba wa mama yangu!"

Tukapanda ngazi kumi.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikiona karatasi mpya ukutani naenda kwanza kwenye majina ya chini. Hata misiba isiyonihusu. Natafuta tu."

Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa. Loredana alikuwa amemchapia ile picha.

"Nisomee hapa. Macho yananicheza kwa jua."

Nikaifungua.

"*Na mdogo wake...*"

"Endelea."

"*...mdogo wake mpendwa Teodora.*"

"Mpendwa," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokiamini. "Nani alipeleka majina kwa mchapaji, Mimmo?"

Jamani.

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Swali limenyooka, jibu ni neno moja: *mimi.* Nilichotakiwa ni kufungua mdomo.

Nikafungua.

"Bibi mwenyewe," nikasema. "Aliacha maagizo."

Sijui lilitoka wapi! Naapa sijui. Nilimwona anavyonitazama, nikaogopa, likatoka.

Bibi mdogo akaibusu karatasi. Akairudisha kifuani. Akaanza kupanda kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Ningejua!" anasema peke yake. "Ningejua ningepanda mwaka jana. Ningepanda mwaka juzi. Mjinga mimi, nakaa mlangoni namenya maharage!"

Kituo cha nne nikasema hapa namwambia. Tukapita.

Kituo cha tano nikasema hapa lazima. Tukapita.

Ngazi ya mia nne miguu ikamkatika. Akakaa, rangi imemtoka, midomo kama majivu. Nikaona damu kwenye jiwe.

"Panda mgongoni, bibi."

"Haihesabiki! Lazima kwa miguu yangu."

"Basi iache ining'inie, iguse guse ngazi. Mungu ataona umejitahidi."

Akacheka. Kwa pumzi ile ya mwisho mwisho, akacheka! Akapanda mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko miamvuli minne. Ngazi mia na kumi na mbili nilimbeba, na shingoni nasikia machozi yake yananidondokea moja moja. Hayakuwa ya uongo kama yangu.

Tukafika kichochoroni kwetu.

Hakuna shada. Hakuna watu. Hakuna karatasi mlangoni.

"Mbona kimya hivi?" akauliza.

"Bibi mdogo..."

"Na mbona harufu ya mbilingani?"

Ndani ikasikika sauti, kubwa, yenye afya tele:

"Toka hapa, mwizi wewe! Nitakuchuna ngozi nishonee kofia!"

Paka akatoka mbio, akapita kati ya miguu yangu.

Nikahisi mikono ya Teodora inalegea shingoni mwangu. Akateleza mgongoni, akasimama chini. Akashika ukuta.

Bibi akatokea mlangoni na uma mkononi.

Akaniona mimi na kaptula ya kuogelea. Akamwona mdogo wake, nywele wazi, gauni la baridi, miguu inavuja damu. Uma ukashuka taratibu.

"Nani amekufa?" bibi akauliza.

Akaninyooshea uma.

"Mimmo! Nani amekufa?"

"Wewe, bibi."

Nikapiga magoti pale pale kwenye mawe. Nikasema yote. Karatasi, unga wa ngano, kinu, picha, ruhusa.

"Umeniua," bibi akasema, "ili uende wapi?"

"Kwenye boti."

"Boti?!"

"Na... kuna msichana. Wa Torino."

"Wa Torino!" akapiga kelele, kama hilo ndilo lililozidi yote.

Teodora hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Kwa hiyo majina uliandika wewe."

"Mimi, bibi mdogo."

"Na *mpendwa*?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikasema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko uongo wote:

"Orodha ilikuwa fupi. Haikupendeza."

Nimesema upuuzi mwingi maishani. Darasani nilikuwa natolewa nje kila wiki kwa mdomo huu. Lakini hayo maneno manne, kila nikifumba macho nayasikia.

Akatoa ile karatasi kifuani. Akaikunja mara nne, kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Akaniwekea mkononi. Akageuka, akaanza kuondoka kuelekea ngazini, mkono ukutani.

"Bibi, mwite!"

"Simwiti."

"Bibi, tafadhali!"

"Amekuja kwa maiti. Hakuja kwangu."

"Miaka thelathini na moja, bibi!"

"Naijua! Unadhani wewe ndiye uliyekuwa unaihesabu?"

Lakini nilimwona anatazama chini. Kwenye mawe ya kichochoro, kutoka mlangoni petu hadi kwenye kona, kulikuwa na alama za miguu. Nyekundu. Vidole vitano vitano.

Bibi akavua viatu vyake vya nyumbani. Kimoja, kingine. Akarusha!

Cha kwanza kikampata Teodora mgongoni.

"Wewe! Utashukaje pekupeku, umekuwa mbuzi?"

Teodora akageuka. Macho yanawaka.

"Viatu vyako vinanibana tangu tukiwa watoto!"

"Havibani! Ni mguu wako mpana, mguu wa baba!"

"Usimguse baba!"

"Nimguse vipi, na mizeituni yake umeuza?"

"Mizeituni minne iliyooza!"

"Mitano!"

"Minne! Wa tano uliukata wewe, ukapikia sabuni!"

Wadau, walipigiana kelele robo saa nzima. Madirisha yakaanza kufunguka moja moja. Watu wanatazama wazee wawili pekupeku wakitukanana, na katikati kijana wa kaptula amepiga magoti, ananuka nazi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ghafla Teodora akakatika. Sauti ikaisha.

"Serafina," akasema. "Ungekufa kweli jana... ungeniandika?"

Bibi yangu ana jibu la kila kitu. Siku ile alitazama tena zile alama nyekundu za miguu.

"Ingia ndani ukae," akasema. "Nikatafute miwani."

Teodora akaingia. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mimi nikaleta beseni la maji, nikakaa chini kumwosha miguu. Aliniachia miguu. Uso aliugeuzia ukutani.

Chumbani tunasikia droo inavutwa, inasukumwa. Bibi akakawia. Akakawia sana.

Alipotoka alikuwa na karatasi ya daftari. Kumbe vikongwe wa kwetu huwa wanajiandalia: gauni la kuzikiwa, soksi, rozari, na maneno ya tangazo, kwa sababu hawawaamini wajukuu. Na kwa haki kabisa!

Akaiweka mezani mbele ya mdogo wake.

Jina lake juu. Baba, mama, mimi. Na chini:

Teodora. Limekatwa.

Teodora. Limekatwa.

Teodora. Limekatwa.

Teodora. Limekatwa.

Teodora.

Bibi mdogo akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Umenikata mara nne," akasema.

"Ulinikera mara nne."

"Sasa nimo au simo?"

"Si ulisoma shule? Hesabu."

Akahesabu. Midomo inachezacheza. Akafika mwisho, kidole gumba kikatulia juu ya lile jina la tano, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Jikoni mbilingani zinaungua, na hakuna aliyeinuka.

Mtauliza kuhusu kazi. Jioni ile ile nilishuka kwa miguu nikamwambia Loredana ukweli, uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudishe fulana ya hoteli, na mama yake asisikie. Nilistahili. Ilaria aliondoka Jumapili, na mpaka leo nadhani anasimulia habari za kichaa mmoja anayeitwa Massimo.

Miguu ya bibi mdogo ilipona wiki ya tatu. Sasa kila Alhamisi nampandisha kwa skuta, anakaa jikoni na dada yake wanabishania idadi ya mizeituni. Ananisalimia vizuri. Ananipa peremende. Ila akiwa na barua ya kusomewa, simu ya kupokelewa, karatasi yoyote yenye maandishi... anampa mtu mwingine.

Hilo linaniuma kuliko fulana ya hoteli.

Na kuna kitu ambacho sijamwambia mtu mpaka leo.

Mchana ule, nikiwa chini na lile beseni, niliinua kichwa. Miwani ya bibi ilikuwa kichwani kwake. Ilikuwa hapo tangu alipotoka mlangoni na uma. Hakuwa ameipoteza.

Na bibi mdogo alipoinua kidole chake kutoka kwenye lile jina la tano, kilitoka na wino. Mbichi.

Alikiona. Akakitazama kile kidole. Akamtazama dada yake. Kisha akakifuta taratibu kwenye gauni lake la sufu, nyeusi juu ya nyeusi, mpaka kikawa safi.

"Miwani uliipata?" akauliza.

"Niliipata," bibi akajibu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimejiuliza sana. Siku ile tuliandika jina lile lile, kwa uongo ule ule, mimi na bibi. Langu lilikaribia kumuua mtu kwenye ngazi. La bibi lilimkalisha mezani. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa najaza nafasi, na yeye alikuwa anamwandika mdogo wake, huku anamsikia anahema jikoni.

Basi ukitaka kuliandika jina la mtu kwa utani, ukutani, kwenye simu, popote pale, simama kwanza. Pengine kuna mahali mtu huyo amekaa mlangoni anamenya maharage, na amelitafuta jina lake miaka thelathini na moja.